Milango Miwili ya Chuo cha Tiba: Udahili na Mkopo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi nchini hupata furaha iliyochanganyika na hofu. Mtoto amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Majirani wamekwisha kuanza kumwita daktari. Lakini usiku wazazi wanaulizana fedha zitatoka wapi. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, wapo vijana wanaopoteza nafasi si kwa upungufu wa alama, wala kwa kukosekana kwa msaada, bali kwa kudhani kuwa udahili na mkopo ni jambo moja. Hii ni milango miwili, yenye mabawabu tofauti, na kila mmoja una siku yake ya kufungwa.

Mlango wa kwanza: udahili

Sifa za chini za kuingia chuo kikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Katika kidato cha sita, alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa Shahada ya Udaktari wa Tiba, masomo yanayotazamwa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini kutimiza sifa za chini ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Anayeingia ni yule aliyewazidi wenzake katika ushindani.

Kwa nini foleni ni ndefu na nafasi ni chache? Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya tiba na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ni kidogo kwa idadi ya wanafunzi kikilinganishwa na vyuo vikuu vya umma vyenye fani nyingi. Udogo huo una sababu yake. Ukumbi wa mihadhara unaweza kupanuliwa, na kipaza sauti kikawafikia mamia. Kitanda cha mgonjwa hakipanuki. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kwa kumsikiliza na kumgusa mgonjwa, mwalimu akiwa kando yake, na mgonjwa mwenye maumivu hawezi kupimwa na mikono ishirini asubuhi moja. Kuongeza wanafunzi bila kuongeza walimu na wodi ni kupunguza elimu ya kila mmoja wao.

Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa. Kwa hiyo namba ya simu inayojazwa katika fomu iwe ya mwombaji mwenyewe au ya mzazi, wala si ya kijana wa steshenari aliyemsaidia kujaza. Simu hiyo isizimwe hadi siku ya kuripoti chuoni.

Mlango wa pili: mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Bodi haimdahili mtu, na chuo hakitoi mkopo wa Bodi. Mwenye uhitaji asisubiri barua ya chuo ndipo aanze kuomba. Afanye yote mawili kwa pamoja, na atumie namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne katika maombi yote, kwa kuwa ndiyo inayounganisha taarifa zake.

Nyaraka ndizo huchelewesha. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, au na mamlaka ya usajili kwa Zanzibar. Yatima huambatisha vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vihakikiwe. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, huhitaji uthibitisho wa mganga mkuu. Kazi hizi zifanyike wakati mtoto angali shuleni, si wiki ya mwisho ya dirisha la maombi. Asiyeridhika na alichopangiwa asikate tamaa: hufunguliwa dirisha la rufaa. Aidha, tangu mwaka 2022 upo Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu sana masomo ya sayansi.

Gharama zisizo katika orodha ya ada

Ada ya chuo cha umma huwa chini sana kuliko ya chuo binafsi cha tiba, lakini ada si gharama yote. Masomo ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Kuna koti jeupe, kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, vitabu, bima ya afya, na nauli za kwenda hospitali za mafunzo. Katika miaka ya wodini likizo hupungua, na mwanafunzi hana nafasi ya kutafuta vibarua. Familia iliyopangiwa mkopo wa sehemu tu ipige hesabu ya pengo hilo kwa miaka yote mitano, si kwa muhula wa kwanza pekee.

Deni nalo liangaliwe bila hofu wala mzaha. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tuchukue mfano: mwenye deni la shilingi 20,000,000 na mshahara wa shilingi 1,000,000 atakatwa 150,000 kila mwezi, naye atamaliza baada ya miaka kumi na moja na ushei. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilikuza deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021.

Aliyekosa nafasi mara ya kwanza anayo njia nyingine: stashahada ya utabibu, ikipatikana kwa ufaulu mzuri, hukubaliwa kama sifa linganishi ya kuombea shahada.

Walimu wakuu, watendaji wa vijiji na viongozi wa dini wanaweza kusaidia kabla ya chuo chochote kusaidia: wawakumbushe wazazi wa kidato cha tano kutafuta vyeti sasa. Msichana wa kijijini anayezuiwa na jina lililoandikwa tofauti katika vyeti viwili ni hasara kwake, na ni hasara pia kwa zahanati ambayo huenda angerudi kuihudumia.