Mguu Bandia Kutoka kwenye Printa: Nani Anawafunza Watakaoutengeneza?

Sababu zinazowafanya wagonjwa wa Rungwe wakatwe mguu zinafahamika: ajali ya pikipiki, kidonda cha kisukari kilichochelewa kufikishwa hospitali, mvunjiko uliooza baada ya kufungwa kienyeji. Upasuaji wenyewe si jambo refu. Kinachofuata ndicho kigumu. Mtu anayeishi Mpuguso, kwenye miinuko ya chai na migomba ambako njia huteleza karibu mwaka mzima, hahitaji mguu bandia wa kupigia picha. Anahitaji mguu utakaomshusha bondeni na kumpandisha tena akiwa na mzigo. Mguu wa namna hiyo hutengenezwa na fundi aliyesomea, na mafundi hao ni wachache mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inaeleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata hawazidi 3 katika kila 100 wanaovihitaji.

Katika miaka ya karibuni wagonjwa wamekuwa wakiniuliza kuhusu printa za 3D, wengi wakiwa wameona video kwenye simu. Je, mashine hiyo inaweza kuchapa mguu? Inaweza kuchapa sehemu yake. Lakini swali lenye uzito zaidi kwetu watumishi wa afya ni lile lililo katika kichwa cha makala hii.

Ugumu wa mguu bandia hauko kwenye unyayo wala kwenye nguzo. Hivyo hupatikana vikiwa tayari. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imesambaza vya plastiki ya polipropilini kwa miaka mingi. Kinachopaswa kutengenezwa kwa kila mtu peke yake ni soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu. Uzito wote wa mwili hupitia hapo. Kwa aliyekatwa chini ya goti, mzigo unatakiwa ukae kwenye ukano ulio chini ya pia ya goti na kwenye nyama za pembeni, na uepuke kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu pamoja na ukingo wa mbele wa muundi, ambapo ngozi imelala juu ya mfupa bila mto wowote. Zikikosewa milimita chache, ngozi huchubuka. Kwa mgonjwa wa kisukari mchubuko huo waweza kumrudisha kwenye chumba cha upasuaji.

Kwa njia iliyozoeleka, fundi hukizungushia kigutu bendeji za plasta, huvua umbo lililoganda, hulijaza plasta ya majimaji hadi apate mfano wa kigutu, kisha huuchonga mfano huo. Hupunguza pale anapotaka soketi ibane na kuongeza pale anapotaka ilegee. Mwisho huuvalisha bamba la polipropilini lililolainishwa kwenye tanuri na kunyonya hewa iliyo kati yake. Ni kazi ya siku kadhaa, nayo huacha lundo la plasta na vumbi.

Printa ya 3D hufuata njia nyingine. Mchongaji huondoa, mashine hii huongeza. Uzi wa plastiki huyeyushwa katika pua ndogo ya chuma, huchora tabaka lenye unene pungufu ya milimita moja, tabaka huganda, na jingine huwekwa juu yake hadi umbo litimie. Kabla ya hapo kigutu husomwa kwa skana inayoshikwa mkononi, na yale marekebisho ya kupunguza na kuongeza hufanywa kwenye skrini ya kompyuta. Uchapaji waweza kuendelea usiku kucha bila fundi kusimama kando. Umbo hubaki katika kumbukumbu, hivyo mtoto akikua, au kigutu kikisinyaa kama kifanyavyo katika miezi ya mwanzo, kazi haianzi sifuri.

Ila ieleweke wazi: mashine haijui mahali pa kubana wala pa kulegeza. Hilo hulijua fundi.

Toronto, Kisubi na Moshi

Mfano ulio karibu nasi wa ushirikiano wa vyuo, hospitali na viwanda katika jambo hili ulianza katikati ya miaka ya 2010. Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, watafiti wa kampuni ya programu ya Autodesk na shirika la CBM la Kanada waliungana na hospitali ya CoRSU, iliyopo Kisubi kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, kutafuta namna ya kutengeneza soketi za watoto kwa skana na printa. Kutokana na juhudi hizo likaundwa shirika lisilo la faida, Nia Technologies. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Kazi hiyo baadaye ilifika Kambodia, na ilifika Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC.

Kwa maoni yangu, kufika TATCOT kulikuwa na maana kuliko kufika katika hospitali yoyote. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, na kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Mashine iliyowekwa hospitalini huwahudumia wagonjwa wa hospitali ile; iliyowekwa chuoni huingia katika mikono ya wanafunzi watakaotawanyika.

Tazama pia nani alimfunza nani. Mwandishi wa programu aliyeko Toronto anazijua hesabu za nyuso na pembe, lakini hana namna ya kujua kwa nini fundi hubonyeza kwa vidole gumba chini ya pia ya goti kabla plasta haijaganda. Fundi naye anaujua mbonyezo huo kwa mikono, na huenda hajawahi kulazimika kuueleza kwa maneno, sembuse kwa tarakimu. Ili programu iwe na kitufe kinachofanya kazi ya kidole gumba, sharti wawili hao wakae meza moja, mgonjwa akiwa mbele yao. Hapo ndipo mtafiti anapopatikana. Kozi ya wiki moja ya kuwasha na kuzima printa humfanya mtu kuwa mwendesha mashine, na si vibaya, lakini mashine ikibadilishwa elimu yake nayo huondoka.

Kuna funzo jingine katika mradi huo ambalo halisemwi sana. Autodesk ilitoa utaalamu wa programu yake iitwayo Meshmixer, iliyokuwa ikipatikana bure na kupendwa na wengi. Baadaye kampuni iliacha kuiendeleza. Si kosa la mtu. Kampuni hupanga biashara zake. Hospitali iliyojenga huduma yake yote juu ya programu moja, bila mtu wa nyumbani awezaye kuhamia nyingine, hubaki na picha za vigutu zisizofanyiwa kazi.

Kwa sababu hiyo mfano wa pili unanivutia zaidi. Ni hadubini inayoitwa OpenFlexure, iliyobuniwa na wanafizikia wa Uingereza, kwanza Cambridge kisha Bath, kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam. Sehemu yake kubwa huchapwa kwa plastiki. Jukwaa linalobeba kioo cha damu haliteleziki juu ya reli kama katika hadubini za kawaida. Limeshikwa na vipande vyembamba vya plastiki ambavyo hupinda kidogo sana na kurudi, hivyo hakuna cha kulika wala cha kutiwa grisi. Mota ndogo hulisogeza, na kamera hupiga picha za vimelea vya malaria. Michoro yote iko wazi kwa yeyote. Karakana ya Dar es Salaam inaweza kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa, na fundi aliyeijenga mwenyewe anajua pa kuanzia ikiharibika. Nani kati yetu hajaona mashine ya msaada iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa wodi kwa kukosa kipuri?

Mafunzo ya kweli huchukua miaka

Wenzetu wa Ulaya wameliwekea jambo hili utaratibu. Katika mitandao ya uzamivu inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kwa jina la Marie Skłodowska-Curie, taasisi za nchi zisizopungua tatu huwalea watafiti kwa pamoja, na katika aina yake ya kiviwanda mtafiti hutumia angalau nusu ya muda wake nje ya chuo. Kwetu umekuwapo mradi wa UBORA, wa mwaka 2017 hadi 2019, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Pisa na kukishirikisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wanafunzi wa Afrika na Ulaya walikutana Nairobi, kisha Pisa, wakabuni vifaa tiba wakizingatia tangu mwanzo kanuni za usalama wake.

Hilo la usalama lisipuuzwe. Soketi iliyochapwa ni kifaa tiba, na vifaa tiba nchini Tanzania vipo chini ya mamlaka ya TMDA. Mtafiti anayefahamu plastiki bila kufahamu namna ya kuipima hadi ivunjike, ya kuweka kumbukumbu, na ya kueleza kwa nini kifaa chake ni salama, bado hajahitimu.

Je, Nyanda za Juu Kusini zinaingia wapi? Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, ambacho mizizi yake ni Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986. Wahandisi na matabibu wako mji mmoja. Mradi wa HEET, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unavihimiza vyuo vikuu vya umma viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Ningependa kuona katika kamati hizo nafasi ya fundi wa viungo bandia, si ya mkurugenzi wa kampuni peke yake.

Tena zipo hoja za utafiti ambazo Toronto haiwezi kutufanyia. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Uzi wa plastiki hunyonya unyevu wa hewa. Ukifika kwenye pua yenye joto maji hugeuka mvuke, hutoboa vitundu, na tabaka hazishikani vizuri. Soketi iliyochapwa kwa uzi wenye unyevu yaweza kupendeza macho na kupasuka njiani. Umeme nao ukikatika saa ya sita ya uchapaji, mara nyingi umbo hupotea. Mwanafunzi wa uzamili atakayepima nguvu ya soketi zilizochapwa Tukuyu wakati wa masika na wakati wa kiangazi atakuwa na jibu linalohitajika hata nje ya Tanzania. Huenda leo yupo darasani kwa mwalimu aliyesomea Chuo cha Ualimu Mpuguso, ambacho, kwa bahati, majengo yake mapya nayo yamejengwa kwa ushirikiano na Kanada.

Kwa mgonjwa anayesubiri

Usiahirishe kuonwa kwa kutegemea printa. Soketi ya polipropilini iliyotengenezwa kwa plasta na fundi mzuri ni bora kuliko ya printa iliyotengenezwa na asiyejua kigutu, tena fundi anaweza kuilainisha kwa joto mahali inapouma na kuirekebisha. Daktari wako akuandikie rufaa mapema, kidonda kikishapona, na uendelee kunyoosha goti kila siku, kwani goti lililokakamaa likiwa limekunjwa huifanya soketi yoyote isifae.

Ukipewa soketi iliyochapwa, uliza ni ya plastiki gani. Iwapo ni ya PLA, aina inayotumika sana kwenye printa, fahamu kwamba huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Tukuyu ni baridi, na sote hupenda kuota moto jioni. Usiukae karibu ukiwa umevaa mguu huo, wala usiuweke juu ya jiko ukauke baada ya kunyeshewa. Ufute kwa kitambaa, uuache kivulini. Kila usiku kagua kigutu kwa kioo kidogo au umwombe wa nyumbani akutazamie. Wekundu usiotoweka baada ya dakika 20 za kuvua, lengelenge, au ufa wowote kwenye plastiki, hata mwembamba kama unywele, ni sababu ya kuacha kuuvaa na kurudi kwa fundi.