Kuelea Kwanza, Kung'ata Baadaye: Uchaguzi wa Mkanda Mpya wa Pikipiki ya Theluji

Pikipiki ya theluji ni chombo cha injini ambacho mbele huongozwa na skii mbili, na nyuma husukumwa na mkanda mmoja mpana wa mpira unaozunguka mfululizo chini ya kiti cha dereva, kwa namna ileile ambayo minyororo ya katapila huzunguka. Mkanda huo ndio pekee unaopeleka nguvu za injini kwenye theluji, na kwa hiyo unapochakaa mwenye chombo hupata nafasi isiyomjia mara nyingi: anaweza kununua mwingine wa aina ileile iliyotoka kiwandani, au akakigeuza chombo chake kiwe na tabia nyingine kabisa. Kwa wale wanaoendesha katika theluji ya unga, yaani theluji mpya, kavu na nyepesi ambayo kina chake huweza kumpita mtu mzima kiunoni, uamuzi huo ni mzito kuliko mwingine wowote unaohusu chombo hicho, na bado wengi huufanya kwa kutazama kipimo kimoja tu, yaani urefu wa meno, ambacho hakistahili kutangulia.

Historia ya chombo hiki ni historia ya mkanda wake. Joseph-Armand Bombardier, fundi aliyezaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Valcourt, jimboni Quebec nchini Kanada, alimpoteza mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kumfikisha hospitali. Injini zilikuwapo na skii zilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuhamisha nguvu za injini hadi kwenye kitu laini kisichotoa mahali pa kushika. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wa sproketi, yaani gurudumu lenye meno, inayozungusha mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ikaingiza sokoni Ski-Doo, chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Wasomaji wa Kiswahili waliohamia Quebec, Alberta au Minnesota huviona vyombo vya ukoo huo vikipita juu ya trela kila mwisho wa juma wa majira ya baridi, vikielekea misituni na milimani.

Ili kuelewa mkanda unafanya nini, ni lazima kwanza kuielewa theluji yenyewe. Theluji kavu iliyoanguka usiku huohuo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu kwa kila mita ya ujazo, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kama theluji ni hewa. Kitu kikiwekwa juu yake huzama mpaka theluji iliyo chini yake ishindiliwe kiasi cha kuweza kukibeba, na kadiri uzito unavyotandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, ndivyo kina cha kuzama kinavyopungua. Mtu wa kilo 80 aliyesimama kwa viatu viwili vyenye jumla ya sentimita za mraba 500 hukandamiza theluji kwa gramu 160 kwa kila sentimita ya mraba. Chombo chenye uzito wa kilo 320 pamoja na dereva na mafuta, kikilalia mkanda wenye upana wa sentimita 38 ambao mita moja na nusu yake imegusa chini, hukandamiza kwa gramu 56 hivi, hata kama skii hazihesabiwi. Ndiyo sababu dereva aliyekuwa akipita juu ya theluji bila shida hudidimia hadi mapajani mara tu anaposhuka.

Hesabu hiyo huharibika pale mkanda unapoanza kuzunguka bila chombo kusonga. Meno ya mkanda, ambayo katika mikanda ya milimani ni marefu na mapana kiasi kwamba yanastahili kuitwa makasia, huichota theluji iliyo chini na kuitupa nyuma; sehemu ya nyuma ya chombo huzama katika mtaro uliochimbwa na mkanda wenyewe, pua huinuka, skii huacha kugusa chochote, na dereva anayezidi kukaza mafuta kwa matumaini ya kujinasua huuongeza mtaro huo kina. Baada ya sekunde chache chombo huwa kimesimama kwa mshazari, mkanda ukizunguka katika shimo ambalo kuta zake ni laini na sakafu yake haishiki, na kazi inayofuata ni ya koleo. Katika theluji ya unga, basi, sifa ya kwanza ya mkanda ni kuelea, na uwezo wa kung'ata huja nyuma yake, kwa sababu mkanda unaong'ata sana bila kuelea hujichimbia tu.

Kuelea hutokana hasa na urefu wa mkanda. Urefu huo hupimwa kwa kuzunguka duara lote, na kwa desturi ya Amerika Kaskazini hutajwa kwa inchi: mikanda ya vyombo vinavyopita katika njia zilizoshindiliwa huwa na inchi 120 hadi 137, na ile ya milimani huwa na 146, 154 au 155, 163 au 165, hadi 174 na 175, ambazo ni karibu mita 4 na nusu. Mkanda mrefu hutandaza uzito, huupa mteremko makasia mengi zaidi kwa wakati mmoja, na hupunguza tabia ya pua kuinuka wakati wa kupanda. Gharama yake ni wepesi wa kugeuka: katika msitu wenye miti iliyosongamana, ambako dereva hulazimika kukilaza chombo ubavu na kukigeuza mahali padogo, inchi 154 humtii kuliko 174, na dereva mwepesi wa mwili hana haja ya urefu uleule unaomfaa mwenzake wa kilo 110. Hata hivyo, aliye na mkanda wa inchi 146 na anayekwama kila mara asikimbilie kuongeza urefu wa makasia. Anachohitaji ni mkanda mrefu zaidi, pamoja na nyongeza ya reli ambazo mkanda huteleza juu yake, na pengine nyongeza ya tuneli, yaani kifuniko cha alumini kinachoufunika kwa juu. Kazi hiyo si ndogo wala si ya bei rahisi, lakini ndiyo inayogusa chanzo cha tatizo.

Urefu wa kasia unafuata. Katika njia zilizoshindiliwa inchi 1 na robo hutosha, ilhali mikanda ya theluji ya kina huwa na inchi 2 na robo, 2 na nusu, 2.6 au 3. Hapa ndipo matangazo ya biashara huwavuta wanunuzi kuelekea tarakimu kubwa zaidi, na ndipo pia ushauri wa jumla hukosa maana, kwa sababu theluji haifanani kila mahali. Katika milima ya Wasatch huko Utah na sehemu kubwa za Wyoming, ambako theluji huanguka ikiwa kavu, kasia la inchi 3 lenye mpira laini hukusanya theluji nyingi na kuisukuma kwa wingi wake. Katika Sierra Nevada ya California na milima iliyo karibu na pwani ya British Columbia, ambako upepo wa bahari huleta theluji nzito yenye unyevu, kasia refu na laini hupinda linapokutana na uzito huo, na kasia la inchi 2 na nusu lenye mpira mgumu zaidi huweza kufanya kazi vizuri kuliko lile refu. Mwezi wa Aprili, jua linapoyeyusha uso wa theluji mchana na baridi kuugandisha usiku, tofauti hiyo hujitokeza hata katika milima ileile iliyokuwa na unga mwezi Januari. Mnunuzi mwenye busara hujiuliza anaendesha wapi na katika miezi ipi kabla hajauliza bei.

Nguvu za injini ndizo zinazoweka ukomo wa tamaa yote hiyo. Mkanda mrefu wenye makasia marefu ni mzito, na uzito wake ni wa aina iliyo ghali, kwa kuwa lazima uzungushwe kila mara dereva anapoongeza kasi. Tena, injini isiyo na turbo, yaani isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa huwa nyembamba. Injini ya nguvu za farasi 160 kwenye usawa wa bahari hubaki na 110 au zaidi kidogo katika mwinuko wa mita 3,000, na hapo ndipo theluji nzuri ilipo. Mkanda wa inchi 174 wenye makasia ya inchi 3 ukifungwa kwenye injini ya zamani ya sentimita za ujazo 600, injini hushindwa kuuzungusha kwa kasi inayohitajika ili theluji isukumwe, na chombo huzama polepole badala ya kupanda. Kwa injini kama hiyo inchi 154 na makasia ya 2 na robo ndiyo yanayofaa, pengine pamoja na kubadilisha gia ili uwiano wake uwe wa chini. Injini zinazotoka kiwandani na turbo, ambazo watengenezaji wa vyombo vya Ski-Doo na Polaris wameanza kuziuza katika miaka ya karibuni, zimelegeza ukomo huo kwa wale wanaoweza kuzilipia.

Lipo pia jambo la ulinganifu ambalo halina nafasi ya kubahatisha. Umbali kutoka ufito mmoja hadi mwingine, yaani zile fito za faiba zinazokatiza mkanda na kuupa ukakamavu, lazima ulingane na meno ya sproketi inayouzungusha. Vipimo vinavyojulikana ni inchi 2.52, 2.86, 3.0 na 3.5. Njia ya uhakika ya kuupima mkanda wa zamani ni kuutandika sehemu iliyonyooka, kupima kutoka katikati ya ufito mmoja hadi katikati ya ufito wa kumi unaofuata, kisha kugawanya kwa kumi: ikipatikana inchi 28.6, kipimo ni 2.86. Anayetaka kipimo kingine hulazimika kununua sproketi mpya pia. Sambamba na hilo, nafasi kati ya ncha za makasia na rejeta iliyofungwa ndani ya tuneli inapaswa kupimwa kabla ya kununua, kwa kuwa mkanda hupanuka unapozunguka kwa kasi, na kasia linalogusa rejeta huweza kuitoboa na kumwaga maji ya kupozea injini mahali pa mbali na barabara yoyote. Fundi huweza kupata nafasi kwa kufunga sproketi yenye meno machache, ambayo ni ndogo, ingawa sproketi ndogo huupinda mkanda kwa ukali zaidi.

Kuhusu upana, vyombo vingi vya milimani vya Ski-Doo hutumia inchi 16 na vya Polaris inchi 15, na tofauti hiyo haistahili kumnyima mtu usingizi. La maana zaidi ni unyumbufu wa kingo. Ski-Doo ilileta mkanda ambao fito zake hazifiki ukingoni, hivyo kingo zake hupinda chombo kinapolazwa ubavu, na dereva hutumia nguvu kidogo kukiegemeza kwenye mteremko. Mikanda yenye tabaka moja la kitambaa ndani ya mpira nayo ni myepesi na hunyumbulika kuliko ile ya matabaka mawili, lakini haivumilii mawe na visiki kama ile, na anayeanza msimu mapema, theluji ikiwa bado haijafunika ardhi vizuri, ataulipia wepesi huo.

Udhaifu mkubwa wa mkanda wa theluji ya kina huonekana njiani kabla ya mlima kufikiwa. Reli zina vipande vya plastiki ambavyo klipu za chuma za mkanda huteleza juu yake, na vipande hivyo hulainishwa na kupozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Rejeta nayo hutegemea theluji hiyohiyo. Katika njia iliyoganda, theluji hairuki, plastiki huyeyuka, injini hupata joto, na makasia marefu yanayopigwa kwenye barafu kwa kasi hupasuka kwenye mashina yake. Vikwaruzo vya chuma vinavyoning'inizwa kwenye reli ili vichimbue barafu na kuirusha juu ni vya bei ndogo na havipaswi kukosekana.

Wakati wa kufunga, mwelekeo wa mzunguko lazima uangaliwe, kwa sababu makasia mengi yana upande uliobonyea unaopaswa kuikabili theluji inayosukumwa. Mkanda ukikazwa kupita kiasi hula nguvu za injini na kuchosha beringi, na ukilegea mno huruka meno ya sproketi kwa kishindo. Kitabu cha mtengenezaji hueleza ni uzito gani utundikwe kwenye mkanda na ulegee kwa kiasi gani, na kipimo hicho kirudiwe baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa mpira mpya hujinyoosha.

Mkanda bora humfikisha dereva mahali ambapo ule wa zamani ulimzuia, na miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo inayovutia zaidi kupandwa, ndiyo pia inayoporomosha theluji. Aliyefukiwa huwa na nafasi kubwa ya kuokolewa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo tu, muda ambao hakuna kikosi cha uokoaji kinachoweza kufika milimani, hivyo tumaini lake ni wenzake walio pale. Kila mmoja katika msafara anapaswa kuwa na kifaa cha redio cha kutafutana kilichofungwa mwilini, fimbo ndefu ya kupekulia na koleo mgongoni, asome taarifa ya hali ya theluji ya siku hiyo kabla ya kuwasha injini, na mteremko upandwe na chombo kimoja kwa wakati mmoja huku wengine wakisubiri mahali ambapo maporomoko hayafiki.