Pole ya faragha, hesabu ya hadharani

1/ Kila mara KDF ikipoteza wanajeshi, mabishano ni yale yale, kuanzia stegi ya Nyeri hadi Nanyuki hadi huku mtandaoni. Mmoja: "Mbona rais hajaonekana na familia?" Mwingine: "Alienda kimya kimya, mwacheni." Hapa kuna maswali mawili na watu wanayachanganya. Sitaji mwanasiasa wala chama. Uzi 🧵

2/ Tuchukue El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya KDF huko Gedo, Somalia. Siku 12 baadaye rais aliongoza ibada ya kumbukumbu Moi Barracks, Eldoret. Marais wa Nigeria na Somalia walikuwepo. Hiyo ni pole ya hadharani.

3/ Pole ya faragha nayo ina uzito wake. Mjane anaweza kulia, kukasirika, hata kumuuliza Amiri Jeshi Mkuu swali gumu bila kamera usoni. Na sote tumeona matanga ambapo mheshimiwa anashika maiki, anapiga siasa, anaondoka kabla jeneza halijashuka.

4/ Lakini faragha hiyo ni ya familia, si ya Ikulu. Marekani ilipiga marufuku picha za majeneza ya wanajeshi yakifika Dover mwaka 1991. Mwaka 2009 ikabadilisha: familia ndiyo inaamua.

5/ Swali la pili ni hesabu. Serikali haikutangaza rasmi idadi ya waliouawa El Adde. CNN iliripoti angalau 141. Januari 2017, Kulbiyow, KDF ilisema 9, al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Serikali ikinyamaza, adui ndiye anatuhesabia wafu wetu.

6/ Wanaotetea ukimya wana hoja: adui naye anasoma habari, na mama hafai kujua kuhusu mwanawe kupitia Facebook. Kweli kabisa. Lakini hiyo ni sababu ya kungoja siku kadhaa, si miaka.

7/ Katiba, Ibara ya 240: kutuma majeshi nje kunahitaji idhini ya Bunge, na Baraza la Usalama la Taifa huripoti Bungeni kila mwaka. Bunge lililoidhinisha safari linafaa kuuliza ni wangapi hawakurudi.

8/ Hapa Nyeri kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, mawe yana majina. Lakini mwaka 2021 tume inayoyatunza ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina. Kutohesabiwa si jambo geni kwetu.

9/ Kwa hivyo mtu akiuliza "walikufa wangapi?" na mwingine amjibu "rais alitembelea familia", huyo amejibu swali lingine. Wenye ndugu jeshini, nyinyi mnaonaje?