Picha Hafifu kwenye Televisheni: Kagua Mipangilio ya Kompyuta Kabla ya Kununua Kifaa Kipya

Tarehe 31 Desemba, 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya utangazaji wa analojia, kazi iliyoanzia jijini Dar es Salaam. Tangu wakati huo, televisheni bapa zimeenea majumbani, na baadhi ya wananchi huziunganisha na kompyuta ili kutazama filamu, mafunzo na vipindi vilivyohifadhiwa. Hata hivyo, wapo wanaokuta picha ina ukungu, rangi zimefifia au mwendo unakwamakwama, na huhitimisha kuwa televisheni imechakaa. Mara nyingi kasoro huwa katika mipangilio, ambayo hurekebishwa bila gharama yoyote.

Jambo la kwanza ni idadi ya nukta zinazounda picha. Televisheni ya kiwango cha Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla ikiwa zaidi ya milioni 2. Kompyuta ikipeleka picha ya nukta 1,280 kwa 720, televisheni hulazimika kuikuza ili ijaze kioo, na maandishi pamoja na kingo za vitu hupoteza ukali. Kwa sababu hiyo, kompyuta ipangwe itoe idadi ileile ya nukta iliyo kwenye televisheni.

Aidha, televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kukata pembezoni, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za analojia. Mtazamaji hupoteza maandishi ya chini ya filamu, na picha nzima hufifia. Katika menyu ya televisheni upo uchaguzi wa kuonyesha picha kwa ukubwa wake halisi; uchaguzi huo ndio unaofaa kwa kompyuta.

Kuhusu waya, ule wa VGA husafirisha picha kwa analojia, hivyo hupunguza ubora njiani. Waya wa HDMI husafirisha taarifa za dijitali moja kwa moja. Ikumbukwe kuwa waya wa HDMI wa bei kubwa hauongezi uzuri wa picha iwapo ule wa bei nafuu unafanya kazi ipasavyo. Waya mbovu hujulikana kwa picha kukatika au kutokea vimulimuli.

Rangi kufifia nako kuna sababu yake. Video nyingi hutumia viwango vya mwanga kuanzia 16, ambacho ni cheusi, hadi 235, ambacho ni cheupe. Kompyuta kwa kawaida hutumia 0 hadi 255. Vifaa viwili visipokubaliana, weusi huonekana kijivu, au sehemu zenye kivuli huwa giza tupu na sura za watu hazitambuliki. Suluhisho ni kuchagua kiwango kimoja kwenye kompyuta na kwenye televisheni.

Mwendo wa kukwamakwama hutokana na hesabu. Vipindi vya televisheni katika Afrika Mashariki kwa kawaida hutengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde, ilhali kompyuta nyingi huonyesha picha mara 60 kwa sekunde. Kwa kuwa 60 haigawanyiki sawasawa kwa 25, baadhi ya picha hukaa kiooni muda mrefu kuliko nyingine. Kompyuta ikipangwa kwenye 50, kila picha huonyeshwa mara mbili kamili na mwendo hutulia. Filamu za sinema, ambazo kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, hufaa kuonyeshwa kwa 24 iwapo televisheni inaruhusu.

Vilevile, televisheni nyingi zina hali ya maonyesho ya dukani, yenye mwanga mkali na rangi zilizokolezwa ili kuvutia wanunuzi. Kwa matumizi ya nyumbani, hali ya sinema hutoa rangi zilizo karibu zaidi na uhalisia. Ukali wa picha nao upunguzwe, kwani ukizidi huzungushia vitu mstari mweupe ambao haukuwepo kwenye video.

Pamoja na marekebisho hayo, hakuna mpangilio unaoweza kurejesha kisichorekodiwa. Video ya DVD ya mfumo wa PAL ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720 tu. Kwenye kioo cha Full HD, kila nukta hulazimika kujaza nafasi ya nukta tano.

Mwananchi anashauriwa kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika mpangilio wa awali ili aweze kuurejesha. Kisha ajaribu video nyingine yenye ubora unaojulikana. Ikionekana vizuri, tatizo lilikuwa kwenye faili la kwanza, na fedha ya televisheni mpya itabaki kwa mahitaji mengine ya familia.