Afisa uhusiano si mtu wa kukata utepe tu

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ikitaka mahindi ya Tanzania na Uganda yazuiwe kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani Namanga. Siku tano baadaye, Machi 10, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliruhusu mahindi kuingia kwa masharti. Mwagizaji asajiliwe, aeleze maghala yake yalipo, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Katika siku hizo tano, mfanyabiashara mwenye lori njiani alikuwa na swali moja: niendelee au nirudi? Kumpa jibu sahihi, mapema na kwa lugha anayoielewa, ni kazi ya uhusiano wa umma.

Uhusiano wa umma ni kazi ya kupanga ya kujenga na kulinda maelewano kati ya taasisi na watu wanaoguswa na maamuzi yake: wateja, wafanyakazi, majirani, serikali na vyombo vya habari. Si sawa na matangazo. Nafasi ya tangazo hulipiwa na mwenye fedha huchagua maneno. Taarifa kwa vyombo vya habari hupimwa na mhariri, naye anaweza kuitupa kapuni.

Afisa uhusiano husoma magazeti, hupokea malalamiko, huandika taarifa na hotuba, na huitisha mikutano na waandishi. Lakini kazi yake nzito haionekani: kumwambia bosi, kabla barua haijatoka, nani ataumia na maswali gani yataulizwa.

Yapo makampuni yaliyolielewa hilo. Mwaka 1982, watu saba walikufa eneo la Chicago, Marekani, baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sayanidi na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson iliwaonya wateja wasivitumie, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikarudi sokoni na chupa zenye lakiri. Wateja nao wakarudi.

Hata chama kidogo cha wafanyabiashara wa mpakani kinaweza kuifanya kazi hii. Kila taarifa ijibu haya: nini kimebadilika, kuanzia lini, kinamhusu nani, afanye nini, na amuulize nani. Taarifa isipojibu, madalali watajibu, na mwenye mzigo atauza kwa bei yao.