Jina la Nondo na Ujazo wa Tripu: Nafasi ya Kiswahili katika Mifumo ya Kusimamia Rasilimali za Ujenzi

1.0 Utangulizi
Mfumo unganishi wa rasilimali ni programu ya kompyuta inayoweka katika hazina moja taarifa za ununuzi, stoo, mitambo, mishahara na uhasibu wa kampuni. Chimbuko lake ni viwanda, ambako bidhaa ileile hutengenezwa mahali palepale kila siku. Ujenzi ni tofauti: kila mradi una eneo lake, mafundi wake na stoo yake ya muda. Kwa hiyo, takwimu zinazosomwa makao makuu huanzia kwa mtunza stoo anayepokea mzigo na kuuandika. Makala haya yanafafanua namna majina na vipimo vya Kiswahili cha eneo la ujenzi vinavyoathiri takwimu hizo. Hoja kuu ni kwamba kutafsiri maandishi ya skrini hakutoshi. Msingi ni orodha ya vifaa.

2.0 Majina
Kitu kimoja huweza kuwa na majina mawili. Kinachoitwa saruji Tanzania huitwa pia simiti, hasa Kenya. Kampuni inayojenga pande zote mbili za mpaka ikiyapa majina hayo namba mbili tofauti, mfumo utahesabu bidhaa mbili. Mradi mmoja utaagiza mifuko mipya ilhali mwingine una akiba inayopungua nguvu kwa kukaa stoo.

Hatari kubwa zaidi ni jina moja kubeba maana mbili. Nondo ya milimita 12 mara nyingi huitwa “nondo ya nusu inchi”, ingawa nusu inchi kamili ni milimita 12.7. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, na tani moja hutoa takribani nondo 94. Mwingiza taarifa akilifuata jina neno kwa neno na kusajili milimita 12.7, mfumo utaipa kila nondo uzito wa kilo 11.9. Mtunza stoo akitoa nondo zote 94, kompyuta itaonesha kwamba ametoa zaidi ya kilo 1,100 kutoka katika tani moja aliyopokea. Hakuna kilichoibwa wala kuongezwa. Lakini atakayeitwa kujieleza ni yeye, si aliyesajili jina.

3.0 Vipimo
Mchanga na kokoto hununuliwa kwa tripu, hubebwa kwa toroli na huchanganywa kwa ndoo. Mhandisi hukadiria kwa mita za ujazo. Tripu haina ujazo maalumu: hutegemea ukubwa wa bodi ya lori na namna lilivyojazwa. Mfumo ukiipa tripu thamani moja kwa malori yote, hitilafu huingia kila lori linapomwaga mzigo. Kinyume chake, mfuko wa saruji wa kilo 50 hauleti utata huo, kwa kuwa jina na kipimo vinakubaliana.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo
Mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi huo utakuwa na uzito zaidi ukifika stoo na si kuishia katika kumbi za mikutano. Inapendekezwa kwamba:

(i) Kila kifaa kipewe jina moja sanifu na namba moja, na majina mengine yasajiliwe kama visawe vinavyotafutika.

(ii) Vipimo vya mafundi visifutwe, bali viunganishwe na vipimo sanifu. Bodi ya kila lori ipimwe kabla ya mzigo wa kwanza.

(iii) Watunza stoo na mafundi washirikishwe kuandaa orodha kabla ya programu kununuliwa.

(iv) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili yaratibu orodha ya pamoja ya istilahi za ujenzi, nazo serikali ziitumie katika nyaraka za zabuni.