Neno Linalojenga na Neno Linalobomoa

Mama mpendwa, mtoto anapokuletea picha aliyoichora, humjibu nini? Hebu tumtazame mchoraji mmoja, mtoto wa mchungaji.

Vincent van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853. Alipokuwa kijana alihubiri kwa wachimba makaa ya mawe nchini Ubelgiji. Aligawa nguo zake, akalala kibandani, lakini waliomtuma hawakumwongezea muda. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, akaamua kuwa mchoraji. Mdogo wake Theo, aliyekuwa akiuza picha mjini Paris, alimtumia fedha za matumizi kwa miaka mingi.

Mwaka 1885 Vincent alichora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa, kwa rangi nzito kama udongo. Rafiki yake, Anthon van Rappard, aliikosoa picha hiyo kwa barua kali. Vincent alimrudishia barua yake, na urafiki wao ukafa.

Theo naye hakumsifu ovyo. Alimweleza wazi kwamba picha zake zina giza mno. Lakini mwaka 1886 alimpokea nyumbani kwake Paris. Huko Vincent alikutana na wachoraji kama Camille Pissarro na Paul Signac, na rangi zake zikaanza kung'aa. Wote wawili waliona kasoro. Tofauti ni kwamba Theo alikosoa huku mkono wake ukiendelea kumshika ndugu yake.

Januari 1890 Theo na mkewe Jo walipata mtoto wa kiume, wakampa jina la Vincent. Baba mkubwa akamchorea maua meupe ya mlozi juu ya anga la buluu. Rangi za udongo zilikuwa zimekwisha.

Hata hivyo, upendo peke yake hautibu kila kitu. Vincent aliugua akili, na Julai 1890 alijiua. Kama muuguzi nasema: ugonjwa huo si laana wala aibu, mpeleke mgonjwa hospitali mapema, nawe uendelee kumwombea.

Theo alifariki miezi sita baadaye. Jo, mjane mwenye mtoto mchanga, alizitunza picha zile, na mwaka 1914 akachapisha barua za Vincent kwa Theo. Kwa juhudi zake dunia ikamjua shemeji yake.

Dada yangu, ulimi hauna mfupa. Kabla ya kumkosoa mume au mtoto leo, jiulize: je, mkono wangu bado umemshika?